Maziwa Yangu Hayakuwa na Maji

Miaka sita niliuza maziwa mabichi Moshi mjini, na kwa miaka yote hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyeniuliza kama ng'ombe ni wazima. Walichouliza ni kama nimetia maji.

Mama mmoja wa Majengo alikuwa na laktomita yake mwenyewe, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa mazito na kuzama kwenye yaliyotiwa maji, ameiviringisha kwenye kipande cha kanga kama mtu anavyoficha yai la kuku wa kienyeji. Kila asubuhi anaichovya kwenye jagi, anasubiri iache kuyumba, anainama mpaka pua inakaribia kugusa povu, anasoma. Ikisimama 28 kwenda juu: "Haya baba, mimina." Ikisoma 26, siku hiyo naondoka na maziwa yangu. Nikijitetea kwamba bado yana joto la ng'ombe, na maziwa ya moto husomeka mepesi, ananiangalia tu mpaka ninyamaze.

Sikumchukia. Biashara ile ilikuwa imejaa wajanja. Wapo waliotia maji ya mfereji, na wapo waliotia maji halafu wakarudishia uzito kwa unga au sukari ili laktomita isishuke. Mimi sikuwahi kutia hata tone, na mjini nilijulikana hivyo: yule kijana wa Kibosho, maziwa yake hayana maji. Jina hilo nilitembea nalo kifua mbele. Kumbe laktomita inapima uzito wa maziwa tu, haijui kitu kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri nawasha pikipiki, napita kaya tisa kule juu migombani, kila moja ina ng'ombe mmoja au wawili wa kufungiwa bandani. Hapa lita tatu, pale lita sita. Nachuja kwa kitambaa, namimina kwenye madumu mawili ya njano ya lita ishirini ishirini, yale yaliyokuja na mafuta ya kula, nayafunga pembeni mwa pikipiki, nashuka. Mpaka mteja wa mwisho anapokea, ni saa nne, wakati mwingine saa tano kama polisi wa barabarani wamenisimamisha. Nikirudi nasuuza madumu kwenye mfereji, nayapindua juu ya ukuta yakauke. Nilikuwa nanunua lita kwa 700, nauza 1,000.

Na nilikuwa nakunywa. Aliyekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, anajua: mtoto anasimama pembeni ya bibi anayekamua, ameshika kikombe cha bati, na bibi anaelekeza chuchu kwenye kikombe mara nne tano kabla ya kurudi kwenye ndoo. Unakunywa povu lenye joto, unabaki na masharubu meupe. Tuliambiwa ndiyo nguvu, na kwamba maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa na Wazungu.

Kaya ya tisa ilikuwa ya shangazi yangu. Ng'ombe wake aliitwa Tausi, chotara wa Friziani, mweusi mwenye doa jeupe kama bendeji kwenye goti. Ada ya sekondari ya binamu zangu wawili ilitoka kwenye kiwele chake.

Masika moja Tausi akatupa mimba ya miezi saba. Shangazi alinikuta nafunga madumu, akasema tu, "Njoo unisaidie, mwanangu." Ndama alikuwa amelala kwenye majani yaliyolowa, hana manyoya ya kutosha, kama kitu ambacho hakijamaliza kuchorwa. Kondo la nyuma lilikuwa limekwama nusu ndani, nusu linaning'inia. Kumwita bwana mifugo kulikuwa na gharama, na mimi nilikuwa na mikono. Nikapaka mafuta ya kukamulia mpaka kwenye kiwiko, nikaingiza mkono, nikavuta taratibu, robo saa nzima. Kidole gumba kilikuwa na mkato wa jana yake, wa majani ya tembo. Ndama tukamfukia chini ya mgomba, si kwa kina sana kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na usiku mbwa wakamfukua.

Wiki hiyo hiyo kiwele cha Tausi kikajaa. Si maziwa mengi, lita nne kwa siku. Shangazi akasema, "Angalau hatukukosa vyote." Tukaacha siku chache zipite mpaka rangi ya manjano imetoka, kisha lita nne hizo zikaingia kwenye dumu pamoja na za wengine.

Wiki tatu baadaye nikaanza kuumwa, na sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo.

Ilianza kama uchovu tu. Mchana nipo sawa, jua likizama homa inapanda, usiku nalowa kama mtu aliyeopolewa mtoni. Mke wangu akawa anatandika kanga mbili juu ya shuka ili azivute na kubadilisha bila kuniamsha. Asubuhi homa imekwenda, nimebaki mwepesi na mwenye kichwa kizito. Mtu akikuona asubuhi haoni mgonjwa, anaona mvivu. Baadaye ukaja mgongo, chini kabisa kiunoni, kiasi kwamba kushuka kwenye pikipiki nilikuwa nashuka kama mzee wa miaka themanini, nikishika tanki kwanza.

Zahanati ya kwanza wakanipa dawa ya mseto, ya malaria. Nikapata nafuu siku tano, homa ikarudi. Ya pili wakasema taifodi, wakanipa vidonge vya wiki mbili. Nafuu, halafu ikarudi. Kipimo cha malaria kilitoka hasi mara mbili na bado nikaandikiwa mseto, kwa sababu homa inayopanda jioni kwetu ina jina moja tu. Sisemi hili kwa kinyongo. Niliyekuwa nadai mseto wakati mwingine ni mimi mwenyewe. Nikiambiwa "hatujaona malaria" naona nimekosewa heshima. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti uliofanyika hapa hapa Moshi, 2007 hadi 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa brusela, homa inayotoka kwa mifugo, asilimia 3.5 walikutwa nayo. Nilipoisoma ile hesabu nilicheka peke yangu, kisha nikaisoma tena.

Mwezi wa tatu wa kuumwa, korodani moja ikavimba. Hili naliandika kwa sababu wanaume hatulisemi, na kwa kutolisema nilijiongezea wiki mbili za maumivu. Nilidhani ni ugonjwa wa zinaa. Nikaanza kujiuliza, mke wangu naye akaanza kujiuliza, na maswali yetu hayakuwa yanafanana. Ndani ya nyumba tukawa tunaongea kuhusu chumvi na mafuta ya taa tu.

Aliyenitoa kwenye shimo lile alikuwa daktari kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Hakuanza na kipimo. Aliuliza, "Kaka, unafanya kazi gani?" Miezi minne, vituo vitatu, hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo.

"Nauza maziwa."

Akaweka kalamu chini. "Unayanywa mabichi?"

Nikacheka. Ilikuwa kama kumuuliza mvuvi kama anakula samaki.

"Kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni?"

Hapo sikucheka tena. Nilimwangalia kama ninavyomwangalia mganga aliyepiga ramli ikapata.

Maabara wakanionyesha, maana niliomba. Tone la majimaji ya damu yangu juu ya kigae cheupe, tone la dawa ya rangi ya waridi, wakachanganya na kuyumbisha kigae dakika nne. Yakaanza kutokea madonge madogo madogo. Nilikuwa naijua sura ile: ni sura ya maziwa yaliyokatika. Kikafuata kipimo cha pili cha kuthibitisha, nacho kikasema vilevile. Brusela. Dawa mbili, doksisaiklini na rifampisini, wiki sita bila kuruka siku. Vijidudu hivi, aliniambia, hujificha ndani ya chembe zenyewe za mwili zinazotakiwa kuvila, ndiyo maana dawa ya wiki moja vinaisikia tu ikipita mlangoni.

Rifampisini inageuza mkojo kuwa rangi ya Fanta. Pia ni dawa ya kifua kikuu, na mjini watu wanazijua dawa za kifua kikuu kwa macho. Jirani akaona boksi. Ndani ya wiki moja wateja wanne wakaniaga kwa heshima. Kwa hiyo niliponzwa na uvumi wa ugonjwa nisiokuwa nao, wakati ule niliokuwa nao, ambao kweli hupitia kwenye maziwa, hakuna aliyeujali.

Wiki ya pili jasho la usiku likakata, na uvimbe ukaanza kushuka. Mgongo ulichukua muda mrefu zaidi. Hata sasa baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani unanikumbusha.

Nikiwa kitandani nilikuwa na simu na hasira, nikasoma. Ugonjwa huu Waingereza waliuita homa ya Malta, kwa sababu askari wao waliokuwa kisiwa cha Malta walikuwa wanaugua na kufa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aitwaye David Bruce alikipata kijidudu kwenye wengu za waliokufa, na jina la brusela limetoka kwake. Lakini kilichonishika ni kilichofuata. Kwa miaka kumi na minane walijua kijidudu kipo na hawakujua kinatoka wapi. Walichunguza vumbi, maji, mbu, choo. Maziwa ya mbuzi hawakuyashuku, kwa sababu mbuzi wa Malta walikuwa wanatembezwa mlango kwa mlango, wanakamuliwa mbele ya mteja, nao walikuwa wanene, wanarukaruka. Mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, ndiye aliyepima damu ya mbuzi wale wazima na kukuta wanao. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa yale, na homa kambini ikashuka ghafla.

Wanakamuliwa mbele ya mteja. Yaani hata kutia maji kusingewezekana.

Nilipopata nguvu nilimfuata bwana mifugo wa kata. Nilikwenda nikidhani nitampa taarifa, nikakuta yeye ndiye ana taarifa. Alinitaka nilete maziwa ya kila kaya kwenye kichupa chake. Tisa. Akaweka kiasi kidogo kutoka kila kichupa kwenye kijibomba cha kioo, akatonesha dawa ya buluu iliyokoza, akatikisa taratibu, akaviacha mahali pa joto kama saa moja. Nikakaa naye tukizungumza habari za mbolea. Tuliporudi, vijibomba vinane vilikuwa na rangi ya anga kuanzia juu mpaka chini. Kimoja maziwa yalikuwa yamerudi kuwa meupe, na juu kwenye malai kumekaa pete ya buluu, imejichora kama pete ya harusi. Mtindo wa kijidudu kile ni huo: maziwa ya ng'ombe mwenye nacho yana kinga inayoikamata ile dawa na kuipandisha juu pamoja na mafuta.

Sikuhitaji kusoma karatasi iliyobandikwa. Akasema pete peke yake haitoshi, maana hata ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele au aliyezaa juzi anaweza kuitoa kwa uongo. Ingebidi damu ipimwe. Ilipimwa. Ilikuwa kweli.

"Lakini yale maziwa yalikuwa yanapita kila kitu," nilimwambia. Laktomita yamepita. Spiriti pale kituo cha kukusanyia, ile ya kuchanganya sawa kwa sawa na kuangalia chembechembe, yamepita. Pua yamepita, ulimi yamepita.

"Spiriti inapima uchachu," akasema. "Maziwa ya brusela si machachu. Ni matamu tu."

Halafu akatazama madumu yangu, na hapo ndipo nilipoona aibu ya pili. Aliuliza nayaosha vipi. Nikaeleza: maji ya mfereji, sabuni, mchanga kidogo, natikisa. Akaomba moja bovu kama ninalo. Nilikuwa nalo, limepasuka kitako. Akachukua msumeno wa chuma, akakata mkono wa dumu, ule unaoshikia, kwa urefu.

Mkono wa dumu uko wazi ndani, kama mrija. Maziwa yanaingia kila unapolijaza, na hakuna brashi wala mchanga wala kidole kinachofika kule. Ndani kulikuwa na utando wa manjano, mnene kama ganda la ndizi, unateleza. Harufu yake ilikuwa ya jibini iliyokufa. Kila alfajiri, kwa miaka, nilikuwa namimina maziwa yaliyotoka kwenye chuchu yakiwa karibu safi kabisa juu ya mbegu ile, halafu nayapeleka kutembea juani kwa saa nne. Yana kinga yao ya asili ya muda mfupi yakiwa mabichi, baada ya hapo ni mbio. Bakteria aliyepata joto na chakula anajigawa mara mbili kila dakika ishirini au thelathini. Piga hesabu ya ishirini: mmoja, kwa saa nne, anakuwa 4,096. Na kwenye ule mkono hawakuwa mmoja.

Ndiyo maana wenye viwanda wanataka makopo ya aluminiamu yenye mdomo mpana unaoweza kuingiza mkono mzima. Kopo moja wakati ule lilikuwa karibu faida yangu ya mwezi. Nilinunua moja, la pili nikanunua baada ya miezi mitano, na katikati hapo niliendelea na dumu moja jipya huku nikijua. Nasema ukweli.

Kilichonitesa zaidi ni wateja. Niliamua kuwapitia wote.

Mama wa mgahawa stendi hakustuka. Yeye maziwa yake yote yanaingia kwenye sufuria ya chai na kuchemka tangu alfajiri, na joto la nyuzi 72 kwa sekunde kumi na tano tu linatosha kuua brusela. Mama huyu amewahudumia madereva miaka kwa miaka bila kumuumiza mtu, na hakuwahi kujua kwamba anafanya kazi ya kiwanda.

Mama wa mtindi alikuwa jambo jingine. Yeye anagandisha mabichi kwenye vibuyu, anauza kesho yake. Aliamini uchachu unaua kila kitu, na ni kweli unapunguza vingi, ila kwa brusela mtindi wa siku moja si wa kuaminiwa. Nikamwambia achemshe kwanza, apoze, ndipo atie kijiko cha mtindi wa jana kama kianzio. Akajaribu. Ukaganda vizuri, wateja wakasema una harufu ya kupikwa. Akarudi kwenye zamani, akatafuta muuzaji mwingine. Namheshimu hata hivyo: katika wateja wangu wote ni yeye tu aliyekuwa na kipimo cha maana bila kujua. Mtindi ukigoma kuganda alikuwa anasema, "Leo kuna mtu kamkamua ng'ombe aliyechomwa sindano," na mara zote alikuwa sahihi: dawa ya sindano ikibaki kwenye maziwa, inazuia mtindi kuganda.

Yupo bibi aliyekuwa akinunua nusu lita kwa ajili ya mjukuu, akimpa bila kuchemsha kwa sababu moto unatoa vitamini. Nilibishana naye mlangoni robo saa. Nikamwambia vitamini inayopotea ni kidogo, mtoto ataipata kwenye chungwa. Akanijibu, "Wewe mwenyewe si ulikua nayo hayo?" Nikavuta pumzi, nikamweleza yote, hata ile ya korodani. Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini kesho yake aliniita nione sufuria iko jikoni.

Na yupo dada mmoja ambaye mwezi ule ule wa masika alipoteza ujauzito. Alikuwa mteja wangu wa lita moja kila siku. Brusela inaweza kumfanyia mwanamke mjamzito vile inavyomfanyia ng'ombe. Sisemi ni maziwa yangu. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Nilikwenda kwake kama kwa wengine, nikamwambia apime. Akasema atapima. Sikuweza kumwangalia usoni nikisema neno "kutupa", nikalitafutia neno jingine, sikulipata.

Mama wa laktomita alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. Kisha akasema, "Kwa hiyo hii haioni?" Nikasema haioni. Akaiviringisha kwenye kanga yake. Kesho yake ikawa bado iko mezani, na pembeni yake sufuria.

Wenzangu wa kazi walisema naharibu soko. Mmoja aliniuliza kama nimelipwa na wenye maziwa ya pakiti. Sikuwalaumu sana, maana nilijua mimi wa mwaka uliotangulia ningesema hivyo hivyo. Nilibaki na wateja karibu nusu.

Hapo nikawa mhubiri wa kuchemsha, na mhubiri mpya ana kawaida ya kuzidisha. Nikawa nawaambia watu: chemsha, umemaliza. Kipaimara cha mtoto wa jirani kikanirekebisha. Walichukua lita kumi na tano kwangu saa nne asubuhi, zikakaa kwenye dumu lao uani mpaka jioni watu wakipika pilau, ndipo wakazichemsha, zikachemka vizuri, nikiwa nimesimama pale. Watoto wakanywa saa moja usiku. Kufikia saa nne watoto tisa wanatapika. Hakuna aliyepima, kwa hiyo nasema ninavyoamini: yupo bakteria aitwaye stafilokokasi, anakaa kwenye kiwele kinachoumwa na kwenye vidonda vya mikono ya mkamuaji. Akiachiwa maziwa ya uvuguvugu kwa saa nyingi anatoa sumu. Moto unamuua yeye, sumu yake haiuliwi na kuchemsha. Nikarudi kaya kwa kaya nikiangalia mikono. Kaya ya nne, kijana anayekamua alikuwa na jipu kwenye kidole cha kati, amelifunga kitambaa ambacho kilikuwa kinalowa maziwa.

Tangu siku hiyo nabeba kikombe cheusi. Kabla ya kukamua, michirizi ya kwanza ya kila chuchu inaingia humo. Juu ya weusi, madonge na usaha wa kiwele vinaonekana wazi, mahali ambapo kwenye ndoo nyeupe vingepotea. Hakigharimu kitu. Changu ni kikombe cha plastiki nilichokipaka rangi ya lami.

Tausi sasa.

Bwana mifugo alimweleza shangazi bila kuzunguka. Ng'ombe hatibiwi brusela. Chanjo ipo, lakini ni ya mitamba wadogo, miezi mitatu hadi minane, haimponyi aliyekwisha kuugua. Atengwe, asizae tena, ikiwezekana achinjwe, na anayemchinja avae glavu. Shangazi akauliza nani atalipa. Hakuna. Akauliza kama atatupa mimba tena. Bwana mifugo, ambaye ni mtu mkweli kuliko inavyofaa wakati mwingine, akasema pengine hapana: wengi hutupa mara moja tu, mimba zinazofuata zinafika, wanazaa vizuri, wanajaza ndoo, na ugonjwa unaendelea kutoka kwenye maziwa na kwenye uzazi wao miaka na miaka.

"Kwa hiyo kwa macho ni ng'ombe mzuri," shangazi akasema.

"Kwa macho, ndiyo."

Akakaa naye miezi mitatu zaidi. Maziwa yake sikuyachukua tena. Alikuwa anayachemsha na kumpa nguruwe. Binamu yangu mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Siku moja nikapita, banda liko tupu, limefagiwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kuna chai." Akanimiminia. Maziwa yalikuwa yamechemka, utando umejikunja juu ya kikombe. Akasema, "Nimempeleka mnadani."

"Kachinjwa?"

"Yule mzee alisema atamchinja."

"Alitoa ngapi?"

Akachukua sukari, akaikoroga muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. "Milioni moja na laki tatu."

Mwaka ule ng'ombe wa nyama wa umbo la Tausi, aliyekonda vile baada ya masika, mchinjaji alikuwa anatoa laki sita, akizidisha sana laki saba. Milioni moja na laki tatu ilikuwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Shangazi amefuga miaka arobaini na mimi nilikuwa nimechuuza miaka sita. Tunazijua bei.

Tukanywa chai.